Chati ya rangi si ya kujaza kila saa

Wengi wakichora ratiba ya siku kwa rangi huamini kwamba ikijaa ndiyo wamejipanga. Mraba mweupe wanauona uvivu. Si kweli. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza tabia yetu ya kukadiria kazi itaisha haraka kuliko inavyoisha kweli, hata ile tuliyokwisha kuifanya mara nyingi. Ndiyo maana chati iliyobana huvurugika mapema: foleni ikikuchelewesha saa 2 asubuhi, buluu ya ofisini inaisukuma kijani ya sokoni, na kijani inameza chakula cha mchana.

Acha miraba mitupu, hasa baada ya safari na vikao. Rangi nazo, tatu au nne zinatosha (wauza kalamu watanisamehe); zikizidi, utashinda ukichungulia maelezo pembeni kujua zambarau ilikuwa ya nini. Kila rangi iwe aina ya shughuli, si shughuli moja moja. Kama chati ni ya familia nzima, andika pia neno fupi ndani ya mraba, maana wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani, wengi wao wanaume.