Je, wajua? Uso huu wote ni mstari mmoja tu

Mwaka 1649 Mfaransa mmoja anaitwa Claude Mellan alitoa picha ya uso wa Yesu kwenye kitambaa cha Veronika, ile habari ya kituo cha sita cha Njia ya Msalaba, na picha yenyewe ameichonga kwa mstari mmoja unaoanzia ncha ya pua unazunguka weee hadi unajaza kitambaa. Macho, ndevu, taji la miiba, matone ya damu, vyote vimo humo humo. Sasa kama mstari ni mmoja na haujikati popote, kivuli kinatoka wapi?

Watu wengi wanajibu kwamba penye giza mistari imebanana, au imepitishwa mmoja juu ya mwingine. Si jibu la ovyo, maana wachongaji wengi wa enzi ya Baroki, yaani karne ya 17 hivi, walitengeneza kivuli kwa kukatiza mistari hivyo hivyo. Wengine wanadhani sehemu za giza zilipakwa wino mwingi zaidi. Lakini vuta picha karibu, angalia shavu halafu angalia kivuli cha pembeni ya pua: nafasi kati ya mzunguko na mzunguko ni karibu ile ile. Kinachobadilika ni unene wa mstari, basi.

Unene huo unatokana na mkono. Mchongaji anatumia burini, chuma chembamba chenye ncha kali, anakisukuma kwenye bamba la shaba. Fikiria plau shambani: ukiikandamiza inazama na mtaro unatanuka, ukiilegeza inabaki alama nyembamba juu juu. Burini nayo iko hivyo, tena kwenye mikunjo haigeuzwi sana yenyewe, bamba ndo linazungushwa taratibu. Baadaye bamba lote linapakwa wino, linafutwa, wino unabaki kwenye mitaro tu, na karatasi yenye unyevu inagandamizwa juu yake kwa mashine. Mtaro mpana unaacha wino mwingi, ndo giza lenyewe.

Na hapa ndo pananishangaza zaidi. Hakuna mstari wa kuzungushia jicho wala mdomo. Kila mzunguko unapopita ukingoni mwa jicho unanenepa kidogo, unaofuata nao unanenepa jirani na hapo, na jicho letu linaunganisha hizo sehemu nene likaona kope. Kuanzia kwenye pua nako ni akili kubwa, kwa sababu duara ndogo ndogo pale zinaifanya ncha ionekane imejitokeza mbele.

Utasikia pia kwamba alichonga yote bila kuinua mkono. Hilo tuwe nalo makini, kwa sababu mchongaji anaweza kusimama kisha akarudi kwenye mtaro ule ule kuuchimba zaidi, na kwenye karatasi mstari ukaonekana haujakatika.

Mellan hakuibuka tu siku hiyo, kuacha kukatiza mistari ilikuwa tabia yake kwenye picha zake nyingi. Na miaka ya 1630, aliporudi Ufaransa kutoka Roma, aliwachongea Peiresc na Gassendi, wataalamu wa Kifaransa waliochunguza anga, picha za mwezi walivyouona kwa darubini, mabonde na vivuli vyake. Mtu aliyeweza kuonyesha shimo la mwezini kwa burini alikuwa tayari kwa uso huu.