Betri ya nyuma haijai, ndiyo maana inakufa

Mwalimu mmoja mstaafu wa Masasi alinijia gereji hapa Mtwara, msimu wa korosho umepamba moto, barabara imejaa malori. Alifungua mlango wa nyuma wa Hiace yake akanionyesha betri.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, fundi. Hii ya tatu. Miaka miwili, betri tatu."

Hiace hiyo ameigeuza nyumba ndogo. Kuna kitanda, friji ya volti 12 ya lita 40, feni mbili, taa na sehemu ya kuchajia simu. Yeye na mkewe huzunguka nayo Mikindani, Lindi, Kilwa Masoko, na usiku hulala humo humo. Betri ya mbele, ile ya stata, ilikuwa na miaka minne na bado inawasha injini kwa mkupuo mmoja. Ya nyuma ndiyo inayokufa kila mara. Muuzaji alimwambia betri za siku hizi feki. Feki zipo, na nimeshapasua moja nikakuta bati hafifu ndani. Hizi za Mwalimu hazikuwa feki. Zilikuwa na njaa.

Naandika haya kwa sababu magari ya namna hii yanaongezeka huku kusini: wageni wanaoshuka kuelekea Daraja la Umoja pale Mtambaswala, wavuvi wenye friji za samaki kwenye pikapu, watu wa matangazo wenye spika. Wote wana betri mbili, na karibu wote wananiletea ugonjwa uleule.

Betri hizi mbili zinafanana kwa sura tu. Ya stata ina bati nyingi nyembamba ndani, ili itoe ampea mia kadhaa kwa sekunde mbili tatu, kisha alteneta, ile mashine ya umeme inayozungushwa na injini, irudishe kilichotoka. Hiyo haipendi kukamuliwa. Ya ndani, ambayo wengi wanaiita betri ya sola, ina bati nene zinazovumilia kutoa ampea nne, tano, usiku kucha. Lakini hata hii ina sharti lake: ikitoka, irudishwe, tena irudishwe mpaka ijae kabisa.

Betri ya risasi na asidi, kama hizi, inapotoa umeme, bati zake hujipaka chembe ndogo za sulfeti. Ukichaji mapema, chembe zinayeyuka na kurudi kwenye asidi. Ukiiacha nusu kwa siku, kwa wiki, chembe zinakua na kuwa ngumu, na chaji ya kawaida haiziondoi tena. Sehemu ya bati iliyofunikwa haifanyi kazi. Ndipo mtu anakuja kwangu akiwa na furaha: "Fundi, betri yangu siku hizi inajaa upesi." Moyo wangu unashtuka nikisikia hivyo. Ndoo iliyojaa mawe hujaa maji upesi.

Kwa Mwalimu nilianza na mita. Nilimpa aishike mwenyewe, maana nataka mteja aone kwa macho yake. Injini inaunguruma, friji inafanya kazi. Kwenye betri ya mbele: 14.2. Safi, alteneta nzima. Tukaenda nyuma, tukagusa vichwa vya betri ya ndani: 13.3.

"Volti nyingine imeenda wapi?" akauliza. Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka ule.

Imebaki kwenye waya. Aliyemfungia alivuta waya wa milimita 4 za mraba, mita tano kwenda na mita tano kurudi. Shaba ya unene huo, kwa mita kumi, ina ukinzani wa kama omu 0.044. Ikipita ampea 20, unapoteza karibu volti 0.9 njiani, na waya unapata joto. Nilimwekea mkono wake juu ya waya akausikia. Ukiweka waya wa milimita 25 za mraba, kwa ampea zilezile 20, unapoteza kama 0.14 tu. Kwa nyumba za magari mimi natumia waya wa mashine ya kuchomelea. Ni laini, unapinda vizuri chini ya sakafu, na madukani upo.

Sasa, ni kweli kwamba betri ikikaribia kujaa, ampea zinapungua, na upotevu kwenye waya unapungua nao. Kwa hiyo hata waya mwembamba ungeijaza, kama Mwalimu angeendesha mchana kutwa. Haendeshi mchana kutwa. Mtwara mpaka Lindi ni kama kilomita 110, chini ya masaa mawili. Friji yake inavuta ampea 4 ikiwa inafanya kazi, na kwa joto la hapa inafanya kazi nusu ya siku. Hiyo ni ampea-saa 48. Ongeza feni na taa, unakaribia 60 kwa siku, kwenye betri ya ampea-saa 100. Masaa mawili ya barabarani hayarudishi 60. Na asilimia 20 za mwisho ndizo zinazochukua muda mrefu kuliko zote, hata ungekuwa na alteneta ya lori, kwa sababu betri yenyewe ndiyo inayokataa kupokea haraka.

Kwa hiyo alteneta ifanye kazi ya kwanza, jua limalizie. Tulimwekea paneli ya wati 200 juu ya paa na kontrola nzuri, kifaa kinachoongoza chaji ya jua kuingia kwenye betri. Jua la huku halina uvivu, na gari likiegeshwa pwani mchana, betri inapata masaa yale marefu ya kunywa polepole. Usiegeshe chini ya mkorosho ukategemea paneli. Kivuli cha tawi moja kinaweza kuangusha umeme wa paneli nzima.

Kuunganisha betri mbili zenyewe kwa zenyewe moja kwa moja ni kosa. Usiku friji itakunywa zote mbili, asubuhi mko Kilwa mnatafuta vijana wa kusukuma. Kati yake iwepo relei, yaani swichi ya umeme, inayosoma volti: betri ya mbele ikifika kama 13.3, maana yake injini inawaka, inaunganisha; ikishuka kama 12.8, inatenganisha. Hiyo inatosha kwa Hiace za zamani. Magari mapya kidogo yana alteneta ambayo kompyuta ya gari inaipunguza nguvu ili kuokoa mafuta, na volti inaweza kushuka mpaka 12 na ushee ukiwa barabarani. Hapo relei inachanganyikiwa. Weka chaja ya betri kwa betri, inayopandisha volti yenyewe. Ukiwa na betri ya lithiamu nyuma, chaja hiyo ni lazima kwa maoni yangu, kwa sababu lithiamu iliyoisha inavuta ampea bila huruma na alteneta inaungua, hasa injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma gari limesimama.

Fyuzi ziwe mbili kwenye waya unaounganisha betri hizo, moja kila mwisho, karibu na kichwa cha betri. Watu wanaweka moja mbele wakidhani umeme unatoka mbele tu. Waya huu una betri kila upande. Niliwahi kufungua sakafu ya gari ambalo waya ulikuwa umesuguliwa na bati la bodi mpaka shaba ikagusa. Fyuzi ya mbele ilikatika kama inavyotakiwa. Upande wa nyuma hapakuwa na fyuzi. Godoro lilikuwa limeshaanza kuungua pembeni, na mtoto alikuwa amelala juu yake. Walimtoa salama. Tangu siku hiyo sikabidhi gari lenye fyuzi moja, hata mwenye gari akinuna.

Sasa kupima. Mita ya volti inasema kweli kwa masharti. Ukizima injini sasa hivi ukapima, utaona 13 na kitu, na itakudanganya, ni chaji ya juujuu tu. Ukipima friji inavuta, itakudanganya upande wa pili. Iache betri itulie masaa kadhaa bila kuingia wala kutoka umeme, ndipo upime. 12.7 imejaa. 12.4 imebaki robo tatu. 12.2 ni nusu, na hapo ndipo ninapowaambia watu wasimame. 12.0 umeshaingia kwenye madhara. Kama betri ina vifuniko vya maji, kipima asidi ni bora zaidi: kama 1.27 imejaa, 1.19 nusu, na chumba kimoja kikiwa chini sana kuliko vingine, betri hiyo inaaga. Ongeza maji ya betri tu, usiongeze maji makali. Asidi haipungui, kinachopungua ni maji.

Kwa mtu anayelala kwenye gari kila wiki, napendekeza shanti. Ni kipande cha chuma kinachokaa kwenye waya wa hasi na kuhesabu ampea zinazoingia na kutoka, kama mita ya maji ya nyumbani. Kwa lithiamu huna njia nyingine ya maana, kwa sababu volti yake inakaa 13.2, 13.3 karibu wakati wote, halafu inaanguka ghafla. Kosa ninalolikuta: shanti imefungwa vizuri, lakini hasi ya friji imepelekwa moja kwa moja kwenye kichwa cha betri. Umeme wa friji haupiti kwenye shanti. Kioo cha shanti kinasema asilimia 90 huku betri imekauka. Kwenye kichwa cha hasi kikae kitu kimoja tu, shanti. Vingine vyote vianzie upande wake wa pili.

Joto nalo. Namba za kuchaji, kama 14.4, ni za nyuzi 25. Ndani ya gari lililoegeshwa juani Shangani, hapa Mtwara, ni nyuzi 40, na kwa kila nyuzi moja inayozidi, volti ya kuchajia ishuke kama 0.02 mpaka 0.03. Kwa hiyo tunazungumzia kama 14.0. Kontrola yenye waya wa kupima joto, ugandishwe ubavuni mwa betri, inafanya hesabu hiyo yenyewe. Ukisikia harufu ya yai bovu, zima chaja, fungua milango, na usiwashe kiberiti.

Na chumvi ya bahari. Gari lililolala Mikindani mwezi mzima, nilifunga mita kwa namna ambayo watu wengi hawaijui: ncha moja juu ya risasi ya kichwa cha betri, ncha nyingine juu ya kibanio chake, halafu mtu akapiga stata. Ilitakiwa isome karibu sifuri. Ilisoma 0.6. Ule unga wa kijani ulikuwa umeingia katikati, mahali jicho halifiki. Maji ya moto na magadi, brashi, kausha, kaza, paka grisi. Betri haikununuliwa.

Mwalimu alirudi baada ya miezi mitatu, akiwa na daftari la shule lenye mistari. Alikuwa ameandika kila alfajiri, friji imezimwa kwa muda, jua halijatoka: 12.6, 12.6, 12.5, 12.6. Katikati palikuwa na 12.3 amezungushia kalamu nyekundu. Nikamuuliza.

"Lindi," akasema. "Mvua siku mbili, na hatukutembea. Siku ya tatu nikawasha, tukaenda mpaka Mingoyo na kurudi."

Mstari uliofuata ulikuwa 12.6.