Miaka miwili na bado hasemi: maswali ya wazazi

Mwanangu ametimiza miaka miwili, anasema "mama" tu. Bibi yake anasema tusubiri, hata baba yake alichelewa. Tusubiri?

Msisubiri. Kwa umri huo watoto wengi wana maneno kama 50 na wanaanza kuunganisha mawili: "mama njoo", "taka maji". Ni kweli wapo wanaochelewa kisha wakawafikia wenzao, ila kwa kumtazama tu hakuna ajuaye ni yupi.

Kwanza apimwe masikio. Asiyesikia vizuri ataiga nini? Na tatizo hili hujificha sana. Mtoto anageuka mlango ukigongwa, mnaamini anasikia, kumbe vishindo anavipata lakini "s" na "f" zinampita. Wengine wana maji nyuma ya ngoma ya sikio, yaliyobaki baada ya mafua, na hayo yanatibika. Mwenye uziwi mkubwa huvalishwa kifaa cha kusaidia kusikia, au hupandikizwa kifaa ndani ya sikio, upasuaji ambao Muhimbili ilianza kuufanya mwaka 2017. Anayewahi hufaidika zaidi.

Jirani anasema ana udata, akatwe.

Udata ni utando mfupi chini ya ulimi. Unaweza kumsumbua kunyonya, na baadaye kutamka sauti fulani, lakini haumzuii mtoto kuanza kusema. Daktari ndiye aamue. Na wakikuambia akakatwe kimeo, nakusihi ukatae: kimeo hakihusiani na kusema, na wembe wa mtaani umeshawatoa watoto damu hadi kufa.

Nyumbani tunasema Kisukuma na Kiswahili. Tunamchanganya?

Hapana. Hesabu maneno yake ya lugha zote mbili.

Tiba yenyewe ikoje?

Mara nyingi ni mchezo. Mtaalamu wa tiba ya usemi hukaa na mtoto chini, wakacheza, huku akikufundisha wewe, kwa kuwa wewe ndiye unayeshinda naye. Chukua saa ya kuoga. Akisema "maji", ongeza neno moja: "Maji moto." Kisha nyamaza, mtazame usoni, uhesabu kimoyomoyo hadi tano. Hapo ndipo wengi tunaposhindwa, tunamjibia kabla hajafungua mdomo. Ila usimnyime kikombe mpaka aseme. Atajifunza kulia tu. Televisheni na simu zizimwe, maana hazimsubiri ajibu.

Wa miaka mitatu ameanza kigugumizi.

Kati ya miaka 2 na 5 hutokea, na mara nyingi huisha. Usimwambie "anza tena". Msikilize mpaka amalize. Kikizidi miezi sita, au ukimwona anakunja uso akipambana na neno, mpeleke.

Lini nisikae hata wiki moja?

Alikuwa na maneno, yakapotea. Ana mwaka mmoja na hajawahi kubwabwaja. Au ana mwaka na nusu, ukimwita jina hageuki, wala haonyeshi kitu kwa kidole. Nenda na kadi yake ya kliniki, na useme waziwazi: "Nataka apimwe masikio."