Hujapoteza milioni 35, mzee wangu

Juzi nilikuwa Igoma, hapa Mwanza, nafanya uthamini wa nyumba ya mzee mmoja mstaafu, anataka kuiweka dhamana benki ampe kijana wake mtaji. Kazi ya kawaida kabisa, nimepima, nimepiga picha, nimeuliza mwaka wa ujenzi, afu tumekaa barazani na chai mzee akaanza: "Mwanangu, huyu unayemuona hapa alipoteza milioni 35." Nikajua inakuja ile ile. Mwaka 2008 aliletewa kiwanja Buswelu kwa milioni moja na laki mbili, hela anayo mkononi, akakiacha. Mwaka huu dalali kamwambia kile kiwanja sasa hivi ni milioni 35. Tangu hapo usingizi umemkata, na akipanda daladala ya Buswelu anageuza uso upande wa pili ili asikione.

Huyo ni wa nne ndani ya mwezi mmoja. Na wote wanafanya hesabu moja, bei ya leo toa bei ya zamani, jibu ndio hasara yangu. Jamani hesabu hiyo ni mbovu, na siyo mbovu kidogo, na inawatesa watu wazima ambao maisha yao wameyaendesha vizuri tu, ndio maana leo naandika nikiwa na hasira mnisamehe.

Tuanze na hiyo 35. Imetoka wapi? Kwa dalali. Bei ya dalali ni bei ya kufungulia mazungumzo, yaani anakutajia juu ili mkishuka mshukie pale anapopataka yeye, na kiwanja kinaweza kukaa na bango la "kinauzwa" toka masika mpaka masika mengine bila mtu kuweka hata shilingi. Thamani ya soko ni kitu kingine. Ni ile hela ambayo mnunuzi mwenye akili timamu na asiye na haraka anaitoa kwa muuzaji ambaye naye hajabanwa na shida, wote wakijua wanachouziana. Anaitoa, siyo anaombwa. Mimi nikatafuta mauzo linganishi ya eneo lile, viwanja vya ukubwa ule vilivyopimwa, vilivyouzwa kweli kweli vinacheza kwenye milioni 24. Kwa hiyo milioni 11 zimeondoka na chai bado ya moto, milioni 11 ambazo zimemkosesha mtu usingizi na hazijawahi kuingia mfukoni kwa yeyote.

Hapa niseme jambo ambalo kwenye ripoti zetu huwa hatuliandiki. Hayo mauzo linganishi na yenyewe hayajanyooka. Watu wakiuziana wanaandika bei ndogo kwenye mkataba ili kodi iwe ndogo, mkataba unasema milioni 10, midomo inasema 20, na mimi inabidi nimpigie mwenyekiti wa mtaa, niongee na madalali watatu, nimuulize jirani, afu nipime maneno ya nani yana uzito. Wathamini wawili waaminifu wanaweza kupishana milioni kadhaa kwenye kiwanja kimoja. Kwa hiyo 24 yangu inaweza kuwa 22, inaweza kuwa 27. Lakini 35 haiwi.

Gharama nazipitisha haraka maana kila mtu anazijua na hakuna anayezitoa. Kamisheni ya dalali asilimia 10, hapo milioni 2 na laki 4. Upimaji, hati, pango la ardhi la miaka yote hiyo, tuseme milioni moja na nusu. Kodi ya ongezeko la mtaji asilimia 10 ya faida, karibu milioni 2. Zimebaki kama 18. Na sijaweka mlinzi, sijaweka kesi ya mpaka na jirani, na sijagusa yale masharti ya hati yanayokutaka uendeleze kiwanja ndani ya miezi 36, wakati mzee alikuwa na hela ya kununua tu, ya kujenga hana.

Afu shilingi. Mwaka 2008 dola ilikuwa kama shilingi 1,200, leo iko juu ya 2,400, na katikati hapo kuna 2011 na 2012 ambapo mfumuko wa bei ulikuwa wa tarakimu mbili, mliokuwa mnanunua sukari mnakumbuka. Ile milioni moja na laki mbili ya mzee kwa hela ya leo ni kama milioni 3 na ushee. Ukiitoa kwenye 18 unabaki na 15. Bado ni hela, sikatai. Ila tumetoka 35 tumefika 15 na bado hatujafika kwenye swali lenyewe, ambalo nikiuliza watu huwa wananikasirikia.

Ile hela ilifanya nini?

Nilimuuliza mzee. Akafikiri kidogo, akanyoosha kidole juu. Bati. Mwaka ule boma lilikuwa limesimama miaka miwili halina paa, yeye na familia wamepanga vyumba viwili Mabatini, na ile hela ndiyo iliyonunua mbao na bati za nyumba ambayo tumekaa kwenye baraza yake tunalia kiwanja cha Buswelu! Nilitoka kukagua lile paa nusu saa nyuma, nimeliandika kwenye ripoti, limeongeza thamani ya dhamana yake. Basi tukakaa tukapiga kodi ya vyumba viwili, wastani wa elfu 60 kwa mwezi (mwanzo ilikuwa chini ya hapo, ingekuja kuzidi), mara miezi 12, mara miaka 17, milioni 12 na kitu. Toa kwenye ile 15. Hasara ya mzee imebaki kama milioni 3.

Najua utasema nini, maana kijana wake naye alisema hapo hapo: si angenunua kiwanja afu aezeke mwakani? Swali zuri. Nikamgeukia mzee, 2009 ungekuwa na hela? Akasema 2009 watoto wawili walikuwa sekondari na mama yake mzazi alikuwa anaumwa, pengine 2012, pengine zaidi. Ukiweka 2012 kodi anayookoa inapungua sana na hasara inarudi kupanda, milioni 10, hata 12. Ipi ni sahihi? Sijui, na mzee hajui, na hakuna mthamini anayeweza kujua kwa sababu maisha ambayo hukuyaishi hayana risiti. Ninachokijua ni kwamba jibu liko mahali fulani kati ya 3 na 12, na mtu anayelala na 35 kichwani analala na namba ya uongo.

Kuna kitu kingine kinaniudhi zaidi ya bei. Mtu anasema "ningenunua ningekuwa nacho mpaka leo." Nani kakwambia? Angalia hisa za CRDB maana hizi zina rekodi haziwezi kubishaniwa. Zilipoingia soko la hisa la Dar es Salaam mwaka 2009 ziliuzwa shilingi 150. Mwaka 2015 benki ikawauzia wanahisa wake hisa za nyongeza kwa 350. Mwaka 2019 bei ilikuwa chini ya ile 150 ya mwanzo. Ifikirie vizuri hiyo, umeweka hela yako miaka 10, uliwahi kuona imezidi mara mbili, afu unaamka unakuta imerudi chini ya pale ulipoanzia, ada inadaiwa, shemeji anakwambia si nilikwambia. Ungeshikilia? Wengi waliuza, na mimi siwalaumu hata kidogo. 2024 ikapita 600, na leo kila mtu anaongelea 150 kwenda 600 kama vile ilikuwa ngazi ya kupanda tu. Na hakuna anayekuja ofisini kwangu kulia kwamba alikosa hisa za Vodacom za 2017, 850 kwa moja, zikakaa miaka chini ya hapo. Tunalilia zile zilizopanda peke yake. Ndio hivyo hivyo na sangara, wazee wa Kirumba wanasikitika hawakuingia kwenye minofu miaka ya tisini viwanda vilipojaa, wanasahau 1999 Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya uvuvi wa sumu, na waliokuwa wamekopa kununua mashine za mitumbwi wakabaki na mkopo.

Nikisema hivi sisemi hakuna aliyekosa. Wapo waliokuwa na hela ya ziada kabisa, hakuna ada, hakuna mgonjwa, hakuna bati, wakainywa. Hao hesabu yao ni nyepesi na wanaijua wenyewe.

Kwa nini nang'ang'ania namba? Kwa sababu mtu mwenye namba ya uongo kichwani ananunua vibaya. Hili nalishuhudia sasa hivi tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025. Watu waliokosa Buswelu, waliokosa Buhongwa, waliokosa Nyamhongolo, wanakimbilia Usagara na ng'ambo kule Busisi na sentensi moja mdomoni, "safari hii sikosi." Wananunua kwa picha ya whatsapp. Wananunua ardhi ya kijiji bila hata kuomba muhtasari wa mkutano wa kijiji uliokubali ardhi hiyo iuzwe. Wananunua pembeni mwa barabara kuu bila kujua kwamba tangu Sheria ya Barabara ya 2007 hifadhi ya barabara ilitoka mita 22.5 ikawa mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Kijana mmoja kaniletea mkataba wa kiwanja cha "kuangalia ziwa", kalipa milioni 9 taslimu, mimi nikafika na tepu, kiwanja chote kiko ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa maji, na Sheria ya Mazingira ya 2004 hairuhusu ujenzi hapo. Thamani yake kwa matumizi aliyokusudia ni sifuri. Nikamuuliza kwa nini hukuniita kabla? Akasema dalali alikuwa na mteja mwingine anakuja saa kumi, na yeye 2014 alishakosa kimoja hivyo hivyo kwa kuchelewa. Iliniuma. Kile alichokosa 2014 tulikipigia hesabu baadaye, hasara yake ya kweli haikufika hata nusu ya hizo milioni 9 alizozitupa ili asikose tena.

Sasa niwaambie pale ambapo hesabu yangu inagota. Kuna mama mmoja anauza dagaa Mwaloni, alikuja na wenzake wa kikoba kuulizia mambo ya hati. Mwaka 2011 alikuwa na hela yake ya kikoba, laki tisa, akapata kiwanja Nyamhongolo, habari ya stendi ya mabasi pale bado haipo kabisa. Mume akakataa. Hela ya mama, jasho la mama, lakini karatasi zingeandikwa jina la mama, basi mume akakataa. Mimi nikafungua laptopu kwa kujiamini kabisa, nikaanza, mama tuanze na mfumuko wa bei. Akanishika mkono akaniambia, "Baba, mimi sijaja na hesabu. Nikipita stendi sioni hela, namuona yeye anavyotingisha kichwa."

Nikafunga laptopu. Sikuwa na la kusema na mpaka leo sina. Nimeanza kushuka moyo nikifikiria ni wangapi niliowamiminia namba wakati kiwanja kilikuwa ni jina tu la kitu kingine, mume, kaka mtu aliyekula hela ya urithi, baba aliyeogopa. Pengine hata mzee wa Igoma. Maana baada ya hesabu yote ile aliniomba nimfotokopie, akaikunja vizuri akaiweka mfukoni, lakini alipokuwa ananisindikiza akaniuliza tena, kwa sauti ndogo, hivi kile kiwanja kimepandwa miti? Nikamwambia ndio mzee wangu, kuna miembe miwili. Akatingisha kichwa tu.

Sasa hivi huwa nauliza kwanza, ulikuwa na nani siku ile? Halafu ndio nachukua kalamu. Sijui kama ni sahihi, hakuna aliyenifundisha, chuoni tulifundishwa majengo na ardhi.

Jumamosi naenda Busisi, kuna dada kanipigia ana milioni 6 na dalali kashampa mpaka jioni. Nimemwambia dalali asubiri au auze kwa mwingine, sisi tunaanza na mita 60. Tatizo ni zinaanzia wapi, maana 2020 ziwa lilipanda likaingia mpaka kwenye nyumba za watu na alama za zamani haziaminiki tena. Nitaomba wazee wa pale watuonyeshe maji yalifika wapi mwaka ule, tuanzie hapo.