Sauti ya ajabu siyo majaribio, jamani

Mwezi huu ni mteja wa tatu huyu. Kaja na faili zake, kakaa, anasema "bro mi nataka kitu cha majaribio, si unaona hata ngoma kubwa za kwenye chati siku hizi zimekuwa za ajabu ajabu". Nikamuuliza majaribio yapi. Akatoa simu akanisikilizisha: sauti imepandishwa hadi inalia kama katuni, besi inakwaruza, halafu kuna kimya cha nusu sekunde kabla ya korasi. Basi, imeisha hiyo.

Kazi yangu ni kumiksi, na mteja habishiwi maana ndo analipa, kwa hiyo nakuja kubishana huku.

Jaribio ni kitu ambacho unakianza hujui kitakutokea nini. Ukifungua plagini (programu ndogo ya kubadilisha sauti) ukachagua priseti, yaani mpangilio uliokwishatengenezwa, ikakutolea kilekile ulichotegemea, hujajaribu, umeagiza. Hata kama sauti yenyewe bibi yako akiisikia atadhani spika imekufa.

Chukua Auto-Tune, maana ndo mfano ambao kila mtu anao sikioni. Ilitoka 1997, na aliyeibuni, Andy Hildebrand, alitokea kwenye kazi ya kuchakata mawimbi ya ardhini kwa ajili ya kutafuta mafuta. Lengo la programu lilikuwa kunyoosha noti zilizopinda bila msikilizaji kugundua, sasa 1998 kwenye "Believe" ya Cher wakaiongeza ile kasi ya kusahihisha hadi mwisho, sauti ikawa inaruka kutoka noti hadi noti kama roboti, na maprodyuza walipoulizwa wakasema ni vokoda, kifaa kingine cha kuifanya sauti iwe ya roboti, ili siri isitoke. Lile lilikuwa jaribio. Wangeweza kuchekwa. Leo nikifungua seshoni ya mtu yeyote Auto-Tune imeshawekwa kabla hata hajaimba, na asiyeiweka ndo anaonekana kafanya maajabu. Plagini ni ileile, ila jaribio lilishaisha zamani.

Na hii hadithi ya kwamba zamani muziki wa chati ulikuwa mnyoofu, ukaja kuwa wa ajabu juzi, sijui nani anaisambaza. 1966 The Beatles, ambao hakuna waliokuwa wakubwa kuwazidi, walifunga albamu kwa "Tomorrow Never Knows": karibu wimbo mzima umekaa kwenye kodi moja (siyo za serikali, za muziki, noti kadhaa zinazopigwa pamoja), vipande vya tepu vinazungushwa juu yake, na sauti ya mwimbaji wao John Lennon imepitishwa kwenye spika inayozunguka iliyotengenezwa kwa ajili ya ogani. 1977 "I Feel Love" ya Donna Summer ikaja karibu yote ni sinthesaiza, watu wakaicheza disko bila wasiwasi. 1981 Laurie Anderson alifika namba mbili Uingereza na "O Superman", zaidi ya dakika nane, chini kuna "ha ha ha ha" tu inajirudia. Sasa niletee mteja anayetaka hiyo.

Lakini hapa ndo panaponikera zaidi, naomba tukae kidogo. Watu wanachanganya rangi ya sauti na umbo la wimbo. Kwenye rangi ya sauti, sawa, nakubali, chati zimejaa vitu ambavyo fundi wa 1975 angevirudisha akidhani tepu imeharibika. Mtu anakaa chumbani na kompyuta, anarekodi mlango, anaugeuza ngoma. Billie Eilish na kaka yake kwenye "bad guy" ya 2019 walitumia mlio wa taa za kuvukia barabara wa Australia, na ule wimbo ukaenda namba moja Marekani. Safi kabisa. Ila toa zile rangi, piga wimbo kwa gitaa kavu, uniambie umebaki na nini. Mara nyingi ni kodi nne zinazunguka toka mwanzo hadi mwisho, mapigo manne kwa kipimo, hakuna kubadilisha ufunguo (noti ya msingi ya wimbo), hakuna briji (kile kipande cha tofauti kabla ya korasi ya mwisho), na korasi imevutwa mbele kwa sababu Spotify haihesabu usikilizaji mpaka sekunde 30 zipite na kila mtu anaogopa kurukwa. Ni nyumba ileile, tumepaka rangi ya zambarau. Na najua kuna watakaonitajia "Sicko Mode" ya Travis Scott, biti inabadilika katikati kama umerukia wimbo mwingine, na yenyewe ilishika namba moja. Ndiyo. Hiyo nakupa. Nitajie kumi.

Wanaopenda namba: 2012 kuna watafiti walichambua rekodi zaidi ya laki nne za kati ya 1955 na 2010, wakasema rangi za sauti zinazidi kufanana na sauti inazidi kuwa kubwa. 2015 wengine wakachambua nyimbo kama 17,000 za chati ya Marekani za 1960 hadi 2010, wakasema hapana, hakuna kufanana kunakoongezeka, kuna mapinduzi matatu, 1964, 1983 na 1991, na kubwa kuliko yote ni hilo la mwisho lililokuja na rapu. Kwa hiyo hata kompyuta hazijakubaliana, na zote ziliishia 2010.

Sasa niseme na udhaifu wangu. Mifano yangu ya zamani nimeichagua, ile takataka iliyokuwa inapigwa siku hizohizo hakuna anayeikumbuka. Na kingine kinanisumbua zaidi: kwa maana yangu mwenyewe ya jaribio, likishapendwa linageuka priseti, kwa hiyo muziki wa chati hauwezi kamwe kuwa wa majaribio, labda kwa wiki mbili. Hapo inawezekana nimejitengenezea ushindi wa bure. Tena masikio yangu yamechoka, kijana anaweza kusikia tofauti mahali mimi nasikia kodi nne tu.

Turudi kwa mteja. Nikamwambia sawa, nikazima besi yote, nikaacha ngoma, kinanda na sauti yake kavu. Prince alifanya hivyo 1984 kwenye "When Doves Cry", haina besi kabisa na ilishika namba moja Marekani. Akasikiliza kama sekunde ishirini, akaangalia spika, akaniangalia mimi.

"Bro, besi imeenda wapi?"

Nikamwambia nimeitoa, tujaribu. Akasema hapana, hiyo imezidi, watu hawataelewa. Nikairudisha, nikaikwaruza kidogo, nikapandisha sauti yake ile ya katuni. Akafurahi sana, akalipa siku hiyohiyo.