Je, msaada baada ya janga huwafanya watu wabweteke?

Wengi wanaamini kwamba baada ya tetemeko, mafuriko au kimbunga, watu hugawanyika makundi mawili: wanaojitegemea na wanaokaa kusubiri serikali. Tena, msaada ukifika, mikono hulegea. Imani hii inaeleweka, kwani picha tunazoziona mara nyingi ni za foleni ya chakula.

Lakini saa za kwanza karibu kila mtu hujitegemea. Katika tetemeko la Kobe, Japani, mwaka 1995, wengi wa waliotolewa hai chini ya vifusi waliokolewa na jamaa na majirani, wengine wakitumia misumeno na jeki za magari. Vikosi vya uokoaji haviwezi kuwa kila mtaa kwa wakati mmoja.

Baadaye hesabu hubadilika. Kiwango cha chini cha maji kinachotumika sana wakati wa dharura ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Familia ya watu watano inahitaji lita 75, yaani karibu madumu manne ya lita 20, kila siku. Bomba kuu likipasuka, jeki ya jirani haisaidii kitu. Daraja nalo vivyo hivyo.

Ukiambiwa "hawa wanasubiri tu", uliza: ni saa ya ngapi, au mwezi wa ngapi, tangu janga litokee? Wanasubiri nini, unga au transfoma? Picha ilipigwa lini? Aliyepanga foleni asubuhi huenda jioni yuko juu ya paa lake, anapigilia misumari. Mimi huanza na lile swali la pili, maana ndilo linalosahaulika zaidi.