Herufi zimejirudia kwenye sarafu: kosa la muhuri au mteleza wa mashine?

Kujirudia kwa herufi kuna asili zaidi ya moja, na bei zake ziko mbali kama mbingu na ardhi.

Ya kwanza ni kosa la muhuri, yaani chuma kinachogonga picha kwenye sarafu. Zamani muhuri huo ulichorwa kwa kukandamizwa zaidi ya mara moja. Ukisogea kidogo katikati ya kazi, hubeba picha mbili, na kila sarafu unayoigonga hutoka hivyo. Senti 1 ya Marekani ya 1955 iliyopigwa Philadelphia ndiyo maarufu: tarehe na neno LIBERTY huonekana mara mbili bila hata lenzi. Asili ya pili, mteleza wa mashine, ni ya kawaida mno. Muhuri umelegea kwenye mashine, ukateleza baada ya kugonga, ukaisukuma metali pembeni.

Tumia lenzi ya sonara inayokuza mara 10 na taa moja ya upande, kisha zungusha sarafu polepole. Kosa la muhuri huonyesha herufi ya pili iliyovimba vizuri, iliyonenepa, na ncha zake zimegawanyika kama mkia wa mbayuwayu. Mteleza wa mashine huacha kidaraja bapa, kifupi, chenye kung'aa, na herufi yenyewe hukonda kwa sababu metali yake ndiyo iliyosukumwa. Kidaraja hicho hakiongezi thamani. Jihadhari pia na senti za 1955 ambazo kivuli kiko kwenye 5 ya mwisho tu: huo ni muhuri uliochakaa, na wauzaji wengi huupamba kwa jina la kosa kubwa.

Kuna makosa mengine pia. Sarafu iliyomegeka kama mwezi mwandamo ikague upande ulio mkabala na pengo. Kisahani, yaani kipande cha metali kabla hakijapigwa picha, kikiwa kimekatwa vibaya kiwandani, ukingo wa upande huo hufifia, kwa kuwa penye pengo hapakuwa na kitu cha kuubana wakati ukingo unainuliwa. Ukiuona umesimama imara, shuku kwamba pengo lilichongwa na mtu kwa tupa.

Kwa sarafu za metali mbili, mfano shilingi 10 ya Kenya, kitovu kilichokaa upande si ushahidi wa kosa la kiwandani peke yake, maana watu hukigonga kikatoka wakakirudisha. Fuata mchoro unapovuka kiungo. Uliopigwa kiwandani hupita bila kukatika. Uliorudishwa kwa nyundo huvunjika hapo hapo, na mikwaruzo hubaki kandokando ya kitovu.

Usiisugue sarafu wala kuiosha kabla ya kuipima: kidaraja bapa kikilainishwa, hata jicho zoefu hudanganyika.